Bunge la Kamba za Nguo

Tangu nistaafu na kuanza kufuga kuku hapa Gatitu, simu yangu hulia sana jioni. Mara nyingi ni mwalimu kijana aliyepewa kazi ya ushauri nasaha bila kuulizwa, na swali huwa ni lile lile. Haniulizi kuhusu mtoto anayeonewa. Huyo anamhurumia, na huruma haihitaji kufundishwa chuoni. Haniulizi sana kuhusu anayeonea, kwa sababu huyo anataka tu afukuzwe. Ananiuliza kuhusu wale wengine, kundi zima lililosimama pale likitazama. "Mwalimu, ni watoto wazuri. Kanisani wanaimba kwaya. Mbona walikuwa wanacheka?"

Nitajibu hapa mara moja, kisha mniache nikalishe kuku.

Nilianza kazi Mukurweini, katika shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, nikifundisha Biolojia. Wanafunzi wengi walifika darasani wakiwa tayari wamekamua ng'ombe na kupeleka maziwa barabarani, kwa hiyo somo la mmeng'enyo wa chakula wa mnyama anayecheua walinifundisha wao. Muhula wa pili mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Wewe ni mama mpole. Chukua ushauri nasaha." Upole wangu aliuona wapi, sijui. Darasani walikuwa wameshanipa jina la Siafu. Baadaye nilijua kwamba walimu wote waliokuwa na akili timamu walikuwa wamekataa kazi hiyo.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya viatu. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza, Kariuki, alivuliwa viatu wakati wa mapumziko, vikarushwa juu ya paa la darasa. Mvua ilikuwa imenyesha. Alisimama kwenye matope bila viatu, na darasa zima lilikuwa limemzunguka, wengine wakicheka, wengine wakila ndizi. Mwalimu wa zamu alifika, akauliza nani amefanya hivyo. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akaamuru darasa zima likafyeke nyasi za uwanja mpaka jioni, na Kariuki mwenyewe akiwemo.

Jioni ile kila mtu alikuwa amemkasirikia Kariuki. Si yule aliyerusha viatu, bali Kariuki. Nilisikia msichana mmoja akimwambia, "Ona sasa vile umetuletea shida." Na mtoto yule, mikono ikiwa na malengelenge, akaomba msamaha.

Naibu wa mwalimu mkuu wakati huo alikuwa Mwalimu Gichuki, mzee mwenye mwavuli mweusi ambao hakuuacha hata wakati wa kiangazi. Alikuwa amesimama kando ya ua akiangalia mambo yote haya. Akaniita.

"Umeona nini?"

"Nimeona wamekataa kusema."

"Hiyo kila mtu ameona. Lakini kabla ya kukataa, umeona vile kila mmoja aliangalia mwenzake?"

Nikasema sikuona. Akaniambia mtoto wa umri ule haishi na akili yake peke yake. Anaishi pia na akili za wenzake wote, au zile anazodhani ni zao. Kabla ya kucheka anapiga hesabu: hawa wanafikiria nini, watanifikiria nini mimi nikinyamaza, kesho nitakaa na nani. Hesabu yote hiyo anaimaliza kabla wewe mwalimu hujafungua mdomo. "Mtoto mdogo wa chekechea atakuja kukuambia bila woga," alisema. "Huyu mkubwa haji, na sio ati ni mjinga. Ni kwa sababu sasa ako na akili ya kujua ataonekana aje."

"Sasa nianze na nani?"

"Anza na yule aliyecheka wa mwisho. Aliyechelewa kucheka alikuwa bado anafikiria."

Sikuwahi kusoma kitabu cha saikolojia kilichonisaidia kuliko maneno hayo, na vitabu vyenyewe nilivisoma vingi, vingine mpaka mwisho. Siku iliyofuata, kwa kuelekezwa na Mwalimu Gichuki, nilimtafuta aliyechelewa kucheka. Alikuwa mvulana mrefu aliyekuwa golikipa. Sikumuuliza nani alirusha viatu. Nilimuuliza kama anaweza kutembea nyumbani na Kariuki, kwa kuwa wote walipita njia moja. Akafikiri, akasema sawa. Kariuki hakuguswa tena mwaka ule. Msiniulize aliyerusha viatu alikuwa nani, kwa maana sikujua na sikuhitaji kujua.

Miaka ikapita hivyo, mmoja baada ya mwingine, nikahamishiwa Naro Moru, shule ya bweni ya wasichana, mahali ambapo baridi ya Mlima Kenya huingia hata ndani ya chai. Huko walinipa ofisi iliyopakana na ya mwalimu mkuu, yenye bango kubwa mlangoni. Muhula mzima aliingia mwanafunzi mmoja tu, naye alikuwa amekosea mlango wa mhasibu. Mnaona shida ilipokuwa. Yeyote aliyeingia pale alionekana na shule nzima, na kabla hajaketi, alikuwa ameshaitwa snichi, mpelekaji habari. Niliomba chumba kingine. Nikapewa ghala la zamani nyuma ya banda la kuku wa shule, karibu na kamba za kuanikia nguo. Walimu wenzangu walidhani nimeshushwa cheo. Lakini msichana angeweza kufika pale na kudai amekuja kuuliza mayai, na walikuja.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Themosi ya chai, maana mtu aliyeshika kikombe cha moto hajui kunyamaza sana. Viti viwili vya urefu sawa, vyote vikitazama dirisha, ili msichana azungumze bila kuniangalia usoni. Na pazia ambalo nililifungua na kulifunga kufuatana na mtu aliye ndani. Ni kupitia dirisha hilo ndipo nilipoliona Bunge kwa mara ya kwanza.

Jumamosi asubuhi wasichana walifua nguo zao. Mmoja wa kidato cha tatu, Nyokabi, mrembo wa maneno, msichana ambaye angeweza kuigiza sauti ya mwalimu yeyote mpaka mwenyewe ageuke, alikuwa na mazoea ya kupanda juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutangaza kwamba Bunge limeanza. Yeye alikuwa Spika. Alimwita msichana mmoja asimame mbele ya kamba, kisha "waheshimiwa" wakajadili kosa lake. Kosa lilikuwa chochote: jinsi anavyotembea, jinsi mamake alivyovaa siku ya wazazi. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyeibiwa. Kilichokuwepo ni kicheko tu, wasichana wote wa bweni lile wakiwa na mabeseni yao, wakicheka.

Muhula ule aliyeitwa kila Jumamosi alikuwa Wairimu wa kidato cha kwanza. Babake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale wanaobebea wageni mizigo kupanda mlima, na alikuwa amempa bintiye jaketi aliloachiwa na mgeni, la rangi ya machungwa, kubwa kiasi kwamba mikono ilimfika magotini. Lilikuwa jaketi zuri kuliko la mwalimu yeyote wa shule hiyo, mimi nikiwemo. Bungeni aliitwa Mheshimiwa Mzungu. Aliamriwa azungumze Kizungu, atembee kama mtalii, awashukuru wapagazi. Baada ya Jumamosi kadhaa aliacha kulivaa. Baridi ya Julai ikaja naye akiwa na sweta ya shule peke yake, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amelazwa kwenye chumba cha wagonjwa na homa ya mapafu.

Nilikwenda kumwona saa za alasiri. Mlangoni nilikutana na msichana mwingine akitoka, kikombe cha uji mkononi. Alikuwa Mumbi, kiongozi wa bweni lao. Nilimfahamu vizuri kutoka dirishani kwangu. Alikuwa na kicheko cha juu, lakini kila mara kilichelewa kidogo.

Alishtuka kama aliyekamatwa akiiba. "Mwalimu, tafadhali usiseme nilikuwa hapa."

"Nisimwambie nani?"

"Wasichana."

"Kwani kumpelekea mgonjwa uji ni makosa?"

Akaangalia chini. "Watasema niko upande wake."

"Na hauko?"

Machozi yakamtoka, akayapangusa haraka kwa mkono wa sweta, akaenda. Nilibaki pale mlangoni nikifikiri: msichana huyu anajificha kutenda wema kama wengine wanavyojificha kuvuta sigara. Kama yeye, kiongozi wa bweni, anajificha, wangapi wengine wanajificha?

Juma hilo hilo babake Wairimu alifika. Alikuwa ametoka mlimani moja kwa moja, buti zikiwa na tope la huko juu, uso umeunguzwa na jua na baridi. Aliketi ofisini kwa mwalimu mkuu na kofia mapajani, na mimi niliitwa.

"Mwalimu, mimi sikuja kugombana na mtu," alisema. "Hiyo jaketi sikuiba. Nilipewa na mgeni kule juu, akaniambia nipatie mtoto yangu. Sasa mtoto anakaa na baridi kwa sababu ya jaketi ya babake. Afadhali nimtoe. Kuna shule ya kutwa karibu na nyumbani, atasomea huko."

Mwalimu mkuu alisema angewasimamisha masomo Nyokabi na rafiki zake wawili siku hiyo hiyo. Niliomba asifanye hivyo bado. Nilimwambia kwamba Spika akiondoka na wabunge wakabaki, watachagua Spika mwingine. Kisha nikamgeukia mzazi. "Baba Wairimu, nakuomba umwache mpaka siku ya kufunga shule. Siku hiyo akitaka kwenda, nitamfungia sanduku mimi mwenyewe."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Watu wa kazi yake wamezoea kumpima mtu kabla ya kupanda naye. "Sawa, Mwalimu. Lakini siku hiyo nitakuja na kamba ya kubebea hilo sanduku."

Nilikutana na wasichana wa bweni hilo kwenye maabara ya Biolojia, Alhamisi baada ya masomo. Nyokabi na rafiki zake wawili sikuwaita. Mwalimu wa muziki alinisaidia kwa kuwashikilia mazoezini. Ukitaka kujua watazamaji wanafikiria nini, usimweke yule wanayemtazama mbele yao.

Niliwaambia walaze vichwa kwenye meza na wafumbe macho. Kisha nikauliza: anayefikiri wenzake wengi hulipenda Bunge, ainue mkono. Mikono ikasimama kama mahindi. Nikawaambia waishushe. Nikauliza swali la pili: na wewe mwenyewe, moyoni, unalipenda? Ikainuka mikono michache, mingine ikiwa nusu nusu, kama inayoomba ruhusa.

Niliwaambia wafumbue macho, nikawaeleza nilichokiona. Hawakuniamini.

"Mwalimu, hiyo si ukweli," akasema mmoja wa nyuma. "Kama hawapendi, mbona wanacheka?"

"Wewe huwa unacheka?"

"Nacheka."

"Unapenda?"

"Hapana."

"Sasa unachekea nini?"

"Si kwa sababu wote wanacheka!"

Alisema hivyo, kisha akasikia alichosema. Niliona shingo zikigeuka taratibu, kila mmoja akimtazama jirani yake kama aliyeketi na mgeni muda wote bila kujua.

Mumbi akasimama. "Mwalimu, tuulize tena. Lakini saa hii tusifunge macho."

Sikuwa nimepanga hivyo, na vijana mnaonisoma, msijaribu jambo hili kwa amri. Nilisema asiyetaka abaki ameinamisha kichwa, na hakuna atakayemuuliza. Wachache waliinama. Kisha nikauliza, nani hapa hulichukia Bunge?

Mumbi aliinua mkono. Kwa muda ulikuwa mkono wake peke yake. Kisha yule wa nyuma akainua wake. Kisha wawili karibu na dirisha. Halafu mikono ikawa inainuka kila upande, na hata waliokuwa wameinama waliinua vichwa kuona, wakaona, nao wakainua. Msichana mmoja alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Ati hata wewe?" alimuuliza rafiki yake. "Hata wewe?" Walikuwa wakilala vitanda vilivyopakana tangu kidato cha kwanza.

Nimefundisha miaka mingi katika maabara zile. Nimeona wanafunzi wakiona seli ya kitunguu kwa hadubini mara ya kwanza. Sijaona nyuso ziking'aa kama siku ile.

Lakini mikono ya Alhamisi si Jumamosi, na wao walilijua hilo kuliko mimi. "Mimi nikitoka peke yangu," mmoja akasema, "wiki ijayo nitakuwa mimi nimesimama hapo."

"Ukitoka peke yako, ndiyo," nikamjibu. Sikuwadanganya. Na sikuwaomba wawe mashujaa, wala sikutaka yeyote amkabili Nyokabi kwa maneno, kwa sababu kwa maneno Nyokabi angewashinda wote na mimi pamoja nao. Nilisema tu kwamba Bunge halina kitu kingine zaidi ya kicheko chao. Jinsi ya kukiondoa nikawaachia wapange wenyewe, nikatoka nje. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii, kutoka nje.

Wairimu alitoka chumba cha wagonjwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikuwa ofisini, pazia limefungwa nusu, chai imepoa mkononi. Alikuja kwenye kamba na beseni lenye blanketi lake. Alikuwa amevaa jaketi la machungwa. Baadaye niliambiwa kwamba ni Mumbi aliyemtolea sandukuni na kumwambia, "Vaa. Leo vaa."

Nyokabi aliliona kutoka mbali. Ndoo ikapinduliwa. "Oda! Oda! Bunge limeanza. Mheshimiwa Mzungu wa Naro Moru, simama mbele!"

Wairimu alisimama pale alipokuwa, blanketi lenye maji likimlemea mikononi. Wale rafiki wawili wa Nyokabi wakaanza kucheka kwa mazoea, kicheko kikawafia kooni. Hakuna mwingine. Niliwasikia kuku wa shule, kwa jinsi kulivyokuwa kimya.

Mumbi aliweka beseni lake chini. Akavuka nyasi, akapita mbele ya ndoo bila kumtazama Spika, akashika ncha ya pili ya blanketi. "Shika huko, tukamue," akamwambia Wairimu. Wakaanza kulisokota, mmoja huku, mwingine kule, maji yakamwagika kwa kishindo. Kisha msichana wa pili akaja na kibanio cha nguo. Wa tatu akashika katikati. Wengine wakarudi kufua nguo zao, wakaanza kuulizana habari za sabuni na za mtihani wa Hesabu, kwa sauti za kawaida kabisa.

"Kwani mbona hamcheki?" Nyokabi aliuliza.

Yule msichana wa nyuma ya maabara alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni. "Spika, leo akidi haijatimia."

Hapo ndipo walipocheka, wote, pamoja na Wairimu. Kilikuwa kicheko kingine kabisa. Nyokabi alikaa juu ya ndoo kidogo, akashuka, akaichukua, akaenda kuteka maji. Mimi nilitaka kufungua dirisha nipige vigelegele. Badala yake nilipitia mlango wa nyuma nikaenda kuwatazama kuku kwa bidii kubwa, nisionekane nikilia.

Jumatatu Nyokabi aligonga mlango wangu. Alikunywa chai yote kabla ya kusema neno.

"Mwalimu, hata mimi nilikuwa nimechoka na hiyo Bunge."

"Basi kwa nini uliendelea?"

"Walikuwa wananingoja. Kila Jumamosi naona wananiangalia, nafikiri nisipofanya kitu wataniona si mtu." Akageuza kikombe mkononi. "Kumbe hawakuwa wanataka."

Sikumwambia si kitu, kwa maana kilikuwa kitu, mtoto alilazwa. Tulizungumza juu ya hilo wiki nyingi, na mwalimu mkuu alimpa adhabu yake, ambayo aliimaliza bila kulalamika. Alipomwomba Wairimu msamaha, alikwenda mwenyewe, bila kutumwa. Msidhani walikuwa marafiki. Walisalimiana, wakapishana, na kwa shule ya bweni hiyo ni amani ya kutosha. Kipaji chake cha kusoma nyuso za watu alikipeleka kwenye klabu ya mijadala, akazisumbua shule zote za kutoka Nyeri mpaka Nanyuki, kwa haki safari hii.

Siku ya kufunga shule babake Wairimu alifika mapema, kamba ya kubebea begani kama alivyoahidi. Bintiye alimkuta langoni, jaketi limefungwa mpaka shingoni, na Mumbi na wengine wawili wakiwa nyuma yake wamebeba mabegi yao ya likizo.

"Sanduku liko wapi?" baba akauliza.

"Nimeliacha bwenini, Baba. Muhula ujao nitarudi nilitumie."

Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akawatazama wale wasichana waliokuwa wakingoja jibu lake. Kisha akaifungua ile kamba begani, akaikunja polepole na kuitia mfukoni. Nimeishi chini ya mlima ule miaka mingi na kuwaona wapagazi wengi wakilalamikia kukosa mzigo. Ni yule mmoja tu niliyewahi kumwona akishuka barabarani mikono mitupu, akipiga mluzi.